Mapipa ya taka Lamu: shida ni pipa au ni sisi?

mtoto_wa_langoni
Asalaam aleikum jamaa. Juzi nimemtembeza mgeni Mjapani kutoka Mkunguni mpaka Shela kwa miguu, njiani kanywa maji, chupa tupu kaibana kaitia mkobani, maganda ya embe nayo kayafunga kwa karatasi yakaingia humohumo. Namwambia ngoja kuna pipa pale mbele, kufika pipa lenyewe halionekani kwa taka zilizolizunguka na punda kazamisha kichwa ndani mpaka masikio. Niliona haya wallahi. Yeye anasema kwao pipa la barabarani ni la kutafuta. Sasa wasio na mapipa wanakuwaje safi na sie tulio nayo tuko hivi?

fundi_jahazi
Mengi yaliondolewa baada ya lile shambulio la gesi ya sumu kwenye treni za Tokyo 1995, waliogopa mtu asije akaficha kitu ndani. Ila walishazoea, watoto shuleni wanafagia madarasa wenyewe. Na taka za nyumbani zinatengwa, za kuchomwa mbali chupa mbali, kila aina na siku yake, ukikosea siku zinaachwa palepale mlangoni majirani wakuone 😂

bi_makuti
Mwanangu usione haya sana. Sie tumekua tukitupa vifuu na maganda ya ndizi, mbuzi anakula, kilobaki kinaoza. Mkono ni uleule, kilichobadilika ni kitu kinachotupwa. Nilikuwa na punda akafa kwa kuvimba tumbo, kupasuliwa likatoka fundo la nailoni kama kichwa cha mtoto mchanga. Mifuko ilipigwa marufuku 2017 lakini iliyokwisha kuzagaa nani aliiokota?

msafiri77
Nimekaa Taipei, kule lori la taka linapita likipiga muziki wa Beethoven utadhani gari la aiskrimu, watu wanashuka na mifuko yao wanatupa wenyewe. Kwa hivyo wanajua saa yake. Hapa kwetu vichochoro punda wawili hawapishani, lori litapita wapi, na pipa la mtaani kwangu lilikaa siku tisa halijamwagwa, yule wa siku ya kumi akitupa chini mtamsema?

mtoto_wa_langoni
Pole na punda bi. Hivi yule punda wa kubeba taka huko kwenu hupita saa ngapi?

bi_makuti
Baada ya swala ya alfajiri. Siku akijisikia.