Tupeane uzoefu: upasuaji na mionzi ya saratani ya ulimi na koo, nini kinabeba matokeo?

Mwanzisha uzi
Habari wakuu. Wanaouguza mgonjwa wa ulimi au koo huambiwa "atapasuliwa, kisha mionzi", basi. Baadaye saratani imeondoka lakini mgonjwa hafungui mdomo, hamezi. Naomba mnaoifanya kazi hii kila siku mtueleze nini kinaharibu matokeo na kinazuiwaje. Namba ziwekwe.

FundiMionzi
Baada ya upasuaji dozi ya kawaida ni grei (kipimo cha mionzi) 60 hadi 66, grei 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Pasipo upasuaji hufika 70 kwa wiki 7. Ianze ndani ya wiki 6 tangu siku ya kisu, na ikishaanza isikatike. Seli zilizobaki huongeza kasi ya kuzaliana kuanzia kama wiki ya nne, kwa hiyo kila siku inayorukwa inapunguza nafasi ya kuzimaliza. Mashine ikiharibika, ulizeni siku hiyo hiyo dozi italipwaje: Jumamosi, au dozi mbili siku moja zikiachana saa 6 au zaidi. Kusogeza tu tarehe ya mwisho hakufidii kikamilifu.

Angalieni na barakoa ya plastiki inayoshikilia kichwa mezani. Mgonjwa akikonda inalegea, kidevu kinacheza, mionzi inaangukia pasipo pake. Kidole kikipita kati ya shavu na barakoa, semeni, huenda ikabidi CT (picha ya kupangia mionzi) irudiwe na itengenezwe nyingine.

Daktari wa meno
Meno kwanza, jamani! Jino bovu lililo kwenye njia ya mionzi ling'olewe angalau siku 14 kabla ya dozi ya kwanza, fizi zifunge. Liking'olewa baadaye, taya iliyopigwa zaidi ya grei 60 inaweza kukosa damu ya kuponyesha kidonda, mfupa ukafa na kuchungulia nje. Hatari hiyo haiishi kwa miaka. Mtu yeyote atakayemgusa jino lazima aambiwe upande uliopigwa mionzi na dozi yake.

Muuguzi wa wodi ya koo
Kwa ulimi, ombeni ripoti ya maabara muisome na daktari: nyama safi kuzunguka uvimbe ni milimita ngapi (5 au zaidi ndiyo nzuri), umezama kina gani, na tezi za shingo (limfu) zilizoingiwa na saratani zimepasuka ganda? Ganda likipasuka, au uvimbe ukigusa ukingo, sisplatini (dawa ya kemo) huongezwa kwenye mionzi kama figo na masikio yanaruhusu.

Wengi hukataa shingo kuguswa kwa sababu "haijavimba". Utafiti wa hospitali ya saratani ya Tata Memorial, Mumbai, India, uliochapishwa 2015, ulihusu saratani za kinywa za mwanzo, nyingi zikiwa za ulimi. Waliotolewa tezi za shingo papo hapo, kwenye upasuaji uleule, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliosubiri mpaka tezi zijitokeze, 67.5. Bega linaweza kudhoofika, ndiyo, ila mazoezi ya mkono yakianza mapema linasaidika sana.

Mdau
Na vidonda vya mdomoni? Mama hali kabisa, wiki ya tatu sasa.

Muuguzi wa wodi ya koo
Pole sana, ndugu. Ndio wakati wake: huanza wiki ya pili au ya tatu na hudumu wiki 2 hadi 4 baada ya dozi ya mwisho. Lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha beking soda (siyo beking pauda). Asukutue kila saa 3 au 4, ateme. Mofini ya maji aliyoandikiwa anywe nusu saa kabla ya kula, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Uji utiwe maziwa, siagi ya karanga na mafuta. Pilipili, ndimu na sigara viwe mbali. Uzito ukizidi kushuka, mrija wa kulishia usicheleweshwe.

Mtaalamu wa kumeza
Hata akiwa na mrija, ameze kitu kila siku, japo maji kidogo, kama daktari hajakataza. Misuli isiyomeza hukakamaa. Taya nayo: vijiti bapa vya kutazamia koo vipangwe, viingizwe kati ya meno, kimoja kiongezwe kadiri anavyoweza. Uwazi chini ya milimita 35 tayari ni tatizo.

Kwa aliyetolewa zoloto (kisanduku cha sauti kooni): anapumua shingoni tu. Akizidiwa, oksijeni iwekwe pale shingoni, siyo puani. Akiwa na vali ya kuongelea (kifaa kidogo kwenye tundu kati ya njia ya hewa na ya chakula) na akikohoa kila anapokunywa, mpeni juisi yenye rangi, mmulike tochi. Ikivuja katikati, vali imechakaa. Ikivuja pembeni, tundu limelegea au vali haimtoshi. Ikichomoka, mrija mwembamba uingizwe haraka tundu lisizibe, na vali itafutwe: isipoonekana, apigwe picha ya kifua, huenda ameivuta mapafuni.

Mdau
Asanteni. Kipimo cha kuona kama imeisha ni lini?

FundiMionzi
Mkuu, PET-CT (picha inayoonyesha seli zenye shughuli nyingi ziking'aa) ni karibu wiki 12 baada ya mionzi. Mapema zaidi, uvimbe wa kuungua hung'aa kama saratani na kuleta hofu bure. Halafu damu ya TSH (homoni inayoonyesha kazi ya tezi ya thairoidi) kila miezi 6 hadi 12, maana thairoidi, iliyo mbele ya shingo, nayo ilipigwa. Uchovu na baridi isiyoisha mara nyingi hutoka hapo, na kidonge kinatosha kuutibu.