Ikoni za maisha endelevu kwa shehia yetu: mistari, za kujaza au za rangi?

FundiMichoro_Wete
Assalaam alaykum. Kikundi chetu hapa Wete kinaandaa ikoni sita: maji, taka, umeme, chakula, usafiri na bahari. Zitapakwa kwenye kuta za skuli, zitachapwa kwenye mikoba ya kitambaa, na zitatumika kwenye simu. Nimezichora kwa Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, namna tatu: mistari mitupu, umbo lililojazwa rangi moja, na michoro ya rangi nyingi. Wapo pia wanaosema tusichore kabisa, tuchukue zile 17 za Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa za mwaka 2015. Nyinyi mngechagua ipi?

BintiMwani
Waalaykum salaam. Za Umoja wa Mataifa ziacheni. Zile zinataja malengo ya nchi nzima, na nyinyi mnataka mtu ajue afanye nini na taka za nyumbani kwake. Ya lengo la 12, la matumizi na uzalishaji wenye kuwajibika, ni mshale uliojikunja mfano wa nane iliyolala. Nani pale sokoni ataisoma hiyo?

Maalim_Chake
Kwa ukuta, jaza. Ukipaka kwa stensili, yaani kadi iliyokatwa umbo, mistari myembamba juu ya chokaa, rangi hupenya chini ya kadi, mstari ukanenepa na mapengo yakaziba. Lakini umbo la kujaza nalo lina mtego wake. Tuseme unataka duara lenye tone jeupe ndani. Ukishalikata duara, tone halina cha kulishika, linadondoka nalo. Lazima uache vidaraja viwili vya kadi vilishikilie. Basi vidaraja hivyo viwe sehemu ya mchoro tangu mwanzo, na kwenye simu visiondolewe, ili seti ifanane kila mahali.

Rangi nyingi siziungi mkono. Kwenye mikoba kila rangi inataka skrini yake ya kuchapia, na moja ikihama kidogo tu juu ya nyengine, kazi imeharibika.

Kijana_Mkunazini
Maalim, kwenye simu mistari inapendeza zaidi. Gridi ya pikseli (vile vidoti vinavyounda picha ya simu) 24 kwa 24, unene wa pikseli 2, inasomeka vizuri.

Ila kwangu mimi suala kubwa ni kinachochorwa. Kwa taka naona wengi wanakimbilia mishale mitatu inayofuatana kwa umbo la pembetatu, ile aliyoibuni Gary Anderson kwa ajili ya shindano huko Marekani mwaka 1970. Ile inasema kitu kinarejelezwa. Na pembetatu yenye namba chini ya chupa, iliyoanza 1988, inataja aina ya plastiki tu, haiahidi kwamba chupa itarejelezwa. Kama kwenye shehia hakuna anayekusanya plastiki, mkiweka mishale ukutani mnawaahidi watu huduma isiyokuwepo. Chora kile wanachoweza kukifanya leo: maganda ya ndizi yanayotiwa shimoni yawe mbolea.

BintiMwani
Hapo umenena. Na msichore mfuko wa plastiki uliopigwa mstari. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, tena ikoni ikiwa ndogo ule mstari unafunika nusu ya picha. Chora mkoba wa ukili. Kwa bahari naomba mwani: vigingi viwili, kamba katikati, mafungu matatu yananing'inia. Kinamama wa pwani hawatahitaji kuelezwa.

Mama_Jambiani
Wanangu, kabla ya kupaka zionesheni kwa watu bila maneno chini yake. Ulizeni "hii inakuambia nini?", msiulize "unaliona tone la maji?" Bomba lenye tone wengi watalisoma kuwa maji ya kunywa yapo hapa. Ndoo na kata vinakaribia zaidi maana ya kutumia kwa kiasi.

FundiMichoro_Wete
Ahsanteni sana. Nachukua za kujaza, rangi moja, na vidaraja vya Maalim. Kijana, seti mbili itakuwa kazi mara mbili, na mtu akiona moja ukutani na nyengine kwenye simu hatojua kuwa ni kitu kimoja. Ndoo na kata nimeikubali, mwani pia. Nimebakia kwenye umeme: balbu au paneli ya sola?

Maalim_Chake
Paneli. Balbu ya kujaza ikiwa ndogo inadhaniwa chupa. Paneli ni vyumba vya mraba, na mistari inayovigawa ndiyo vidaraja vyenyewe. Ikate hivyo hivyo, hakuna kitakachodondoka.