MJADALA: Wataalamu wa mimea na wanyama waitwe kabla ramani ya jiji haijachorwa, au baada?

Mchora Ramani: Wakuu, nauliza kwa uchungu. Hapa Dar mshauri wa mazingira anaitwa kiwanja kishapimwa na michoro ishapita. Anabaki kushauri tu pa kupanda miti ya kufidia. Tazameni Jangwani. Karakana ya mwendokasi imejengwa katikati ya bonde la Msimbazi, mabasi yakaanza kazi 2016, na kila mvua kubwa iliponyesha karakana ikawa inajaa maji. Matete ya bonde lile ndiyo yaliyokuwa yanapunguza kasi ya maji ya kutoka Pugu. Mtu wa mimea angekuwepo mezani siku ya kwanza, karakana ingepelekwa kwingine. Mnasemaje?

Nyumba Kwanza: Watu hawana vyoo, unatuletea matete? Bioanuwai, yaani hao viumbe wa aina mbalimbali, ya Dar ni ipi, kunguru? Kila mradi ukisubiri mtu ahesabu vyura, barabara tutazipata lini?

Mtoto wa Kigogo: Hayo matete unayoyadharau yangetuokoa. Desemba 2011 nimelala juu ya bati na mdogo wangu, chini friji la jirani linapita. Walikufa watu zaidi ya 40 jiji hili. Wengine wakahamishiwa Mabwepande, huko pembezoni mwa jiji.

Nyumba Kwanza: Pole. Lakini nani aliwaambia mjenge bondeni? Mpango wa jiji wa 1979 ulishasema pale ni hatari.

Mtoto wa Kigogo: "Nani aliwaambia"! Umeme tuliunganishiwa. Mjumbe tunaye na kura tunapiga hapohapo. Ulivyo na roho ngumu, naona hujawahi kukamua godoro la mtoto likatoka tope.

Nyumba Kwanza: Usinijue kwa maandishi. Nimekulia Tandale, mafuriko nayajua.

Bi Mkubwa wa Ilala: Wanangu, msivunjiane heshima. Ila aliyetaja kunguru kanigusa. Hao si ndege wetu, waliletwa Zanzibar na Wahindi. Zamani hapa Ilala kwerea walining'iniza viota mnazini mpaka makuti yanainama. Sasa kunguru anakula mayai, anakula makinda, na vifaranga vyangu anavibeba mchana kweupe.

Ustadhi Kariakoo: Shikamoo Bi Mkubwa. Tusiwabebeshe lawama majirani zetu, waliowaleta ni utawala wa Waingereza, miaka ya 1890 huko, ili wale taka za mji. Asili ya ndege ni India, ndiyo maana watu wanachanganya.

Bi Mkubwa wa Ilala: Marahaba. Basi Waingereza waje wawachukue.

Dereva wa Gongolamboto: Si kuna kipindi waliwekewa sumu? Miaka ya 2010 hivi. Walipungua kweli, asubuhi unasikia ndege wengine. Halafu kazi ikaishia njiani, wakajaa upya. Nenda nyuma ya soko lolote saa kumi na moja jioni, matumbo ya samaki yamemwagwa chini, wamejaa mpaka ukutani.

Mchora Ramani: Tumetoka nje ya mada, lakini hata hapo jibu ni lilelile. Soko linachorwa bila mahali pa taka, kunguru anashiba, kwerea anakwisha. Shukeni daraja la Salender maji ya bahari yakitoka, muone mikoko ya mchu. Mizizi yake ya kupumulia inachomoza kwenye tope, karibu kila mmoja umevikwa mfuko. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na baharini. Tungeanza na hiyo mita 60, ndipo tuchore barabara!

Nyumba Kwanza: Aaa, sasa umefika nilipokuwa nakusubiri. Mita 60 maana yake alama ya X ukutani, nyumba ibomolewe. Mwishoni mwa 2015 tuliona watu wanalala nje na makabati yao. Mnaanza na ndege, mnamalizia kubomoa.

Mtoto wa Kigogo: Hapo nakuunga mkono, na sikupenda. Anayehamishwa alipwe kwanza, apate kiwanja chenye maji na shule, ndipo hayo matete yarudi.

Nyumba Kwanza: Alipwe bei ya nani? Ya mthamini au ya soko?

Dereva wa Gongolamboto: Ya soko. Halafu pesa iingie akaunti ya mama mwenye nyumba, maana wababa wengine tunawajua.

Ustadhi Kariakoo: Hilo la wababa lianzishiwe uzi wake.

Bi Mkubwa wa Ilala: Dereva, hiyo sumu ilikuwa inatolewa ofisi gani? Kuku wangu anaangua wiki hii.