Kwa nini watu wa Tanga mjini mnafuata soko Muheza?

Mgeni wa Chumbageni: Habari zenu. Nimehamia juzi juzi. Jirani zangu wanapanda gari mpaka Muheza, kilomita kama 35, kufuata matunda na viungo. Soko la Mgandini hapa mjini si kuna kila kitu?

Mama Iliki: Karibu Tanga, mwanangu. Mimi namfuata mkulima mwenyewe. Njia ya kutoka Amani, kule milimani, inashukia Muheza, kwa hiyo iliki, mdalasini na pilipili manga za Usambara Mashariki zinafika pale kwanza. Iliki ipasue kwa ukucha: punje ziwe nyeusi, zinanata, na harufu ikupande puani hapo hapo. Ukikuta punje kavu za kijivu, mrudishie. Chungwa nalo usilikatae kwa ukijani wake, huku pwani usiku hauna baridi ya kuligeuza rangi. Lipime mkononi, lililo zito ndilo lenye maji. Na muuzaji ukimuuliza limetoka shamba gani, anakujibu. Hilo nalithamini kuliko bei.

Kijana wa Ngamiani: Bei nayo tamu, mama! Msimu ukichanganya unabeba kiroba kizima. Ila samaki usihangaike, nenda soko la samaki la Deep Sea hapa Tanga, asubuhi vyombo vikirudi.

Mgeni wa Chumbageni: Shikamoo mama, na ahsanteni. Jumamosi naenda.

Mama Iliki: Marahaba. Wahi, na chukua kikapu chako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019.