Nimedunduliza nguo za Krismasi za watoto tangu Septemba, juzi mwenye duka ananiambia niongeze 32,000!

Wakuu, habari za usiku.

Niko Kibirizi, Kigoma. Watoto wamelala, keshokutwa ni Krismasi, na hasira niliyotoka nayo Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, juzi Jumamosi bado haijapoa. Nilisema nisubiri ipoe ndipo niandike vizuri. Naona haipoi, basi naandika hivi hivi.

Mimi naanika dagaa pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inakoshushia samaki, baba watoto anavua. Mwaka huu wa 2024 mnaujua ulivyotufanya. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi tarehe 15 Mei, likafunguliwa tarehe 15 Agosti. Sipingi, samaki wazaliane, sote tuliona walivyokuwa wamepungua. Lakini nyumba ambayo mume anavua na mke anaanika, miezi ile mitatu tulikula akiba, akiba ilipoisha tukala madeni. Ziwa lilipofunguliwa tukaanza kuyalipa. Ndipo nikaapa kwamba Krismasi hii watoto wangu hawaendi kanisani na sare za shule kama mwaka jana.

Ninao watatu. Binti yupo darasa la tano, kijana darasa la pili, wa mwisho ana miaka minne. Yule binti ameshaanza kuona haya. Hasemi kitu, lakini mwaka jana alikaa benchi la nyuma kabisa, na ibada ilipoisha alikuwa wa kwanza kutoka ili wenzake wasimkute mlangoni. Sijasahau. Wa katikati hana shida, ukimpa mpira wa chandimu ameshapata Krismasi yake. Huyu mdogo ndiye anataka viatu vya taa, vile ukikanyaga vinawaka nyekundu na bluu kwenye kisigino. Alimwona navyo mtoto wa jirani siku ya Idi mwezi wa nne, na mpaka leo hajaacha kuvitaja.

Kuna duka pale Mwanga, jina silitaji, wanapokea kudunduliza. Unachagua nguo, mnapatana bei, zinawekwa kwenye mfuko wenye jina lako, unapewa kidaftari. Unapeleka hela kidogo kidogo, ukimaliza unachukua mzigo wako. Jumamosi tarehe 7 Septemba nilichagua gauni la binti 28,000, suruali na shati vya kijana 25,000, gauni la mdogo 12,000, na viatu vya taa namba 26 kwa 15,000. Jumla 80,000. Mwenye duka mwenyewe ndiye aliyepiga hesabu kwenye kikokotoo, akanigeuzia nikaona. Nikatoa 5,000 ya kwanza palepale.

Najua kuna watakaouliza kwa nini sikuweka kwenye simu au kwenye kibubu. Wanaouliza hivyo hawajawahi kuwa mama mwenye hela ndani. Mtoto akishikwa na homa usiku, inatoka. Mwenye nyumba akigonga, inatoka. Unga ukiisha siku ambayo mitumbwi imerudi mitupu, inatoka. Ukiipeleka dukani umeifungia mahali ambapo hata wewe mwenyewe huifikii. Kina mama tunadunduliza kwa sababu hiyo, simu tunazijua.

Ukifungua kidaftari changu utajua mwezi ulikuwa unang'aa lini. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika mchangani na sisi wa mwaloni tunapumzika kula. Wiki za giza nimeandikiwa 8,000, 7,000. Wiki za mbalamwezi 2,000, na mara moja 1,000, na siku hiyo nilikwenda Mwanga kwa miguu na kurudi kwa miguu kwa sababu boda ingeimaliza. Halafu zikaja mvua. Anayeanika anajua Novemba na Desemba zilivyo. Umemwaga dagaa, wingu hilo linatoka upande wa Kongo, unakimbia kukusanya na hujamaliza nusu. Wakilowa wanaharibika, unaishia kuwauza kama chakula cha kuku. Katika hali hiyo sikuruka hata wiki moja. Wiki 16! Jumamosi tarehe 21 Desemba nilipeleka 6,000 ya mwisho, na kikapu cha kubebea nguo nilikuwa nacho mkononi.

Akapokea ile 6,000. Akaiandika. Akasaini. Alipokwisha kusaini ndipo akaniambia, "Mama, bei zimebadilika."

Gauni la binti 38,000. Suruali na shati 33,000. Gauni la mdogo 17,000. Viatu 24,000. Jumla 112,000, kwa hiyo niongeze 32,000. Nikamwambia, kaka, sisi tulipatana. Akajibu, "Tulipatana wapi? Nionyeshe palipoandikwa bei."

Nikafungua kidaftari. Wakuu, kidaftari kina tarehe, kina kiasi, kina sahihi. Bei hakina. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa gauni ni kiasi gani. Wiki 16 nakishika na sikuliona hilo. Sasa ninaamini kimechapishwa hivyo makusudi, kwa sababu mtu anayeandika kila shilingi anayopokea hawezi kusahau kuandika bei ya kitu anachouza.

Nikaomba nione mfuko wangu. Haupo. Ati nguo "zinazofanana" zipo. Viatu namba 26 vimeshauzwa, akaniletea namba 29, akasema mtoto atakua atavifikia, kwa sasa nimjazie kitambaa mbele. Mtoto wa miaka minne! Nikasema basi nirudishie 80,000 yangu nikatafute kwingine. Akanionyesha bango ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Mali ipi niliyouziwa? Mkononi mwangu kulikuwa na kidaftari tu.

Halafu akasema, mbele ya wateja wamejaa, "Kama hali ni ngumu si ungeenda kwenye mitumba tu, mama." Nimevaa mitumba maisha yangu yote na sioni aibu, robota likifunguliwa Mwanga asubuhi nami nimo kati ya wanaoinama. Lakini hela ya mitumba ndiyo hiyohiyo niliyokuwa nampelekea yeye kila Jumamosi!

Kuhusu sababu, alianza na dola. Dola imepanda, mzigo wa Kariakoo umepanda. Anamdanganya nani Kigoma hii? Sisi tunawauzia dagaa Wakongo wanaovuka na boti, wanakuja na dola mkononi, kila siku tunabishana nao bei ya kubadili. Mwezi wa kumi dola moja ilikuwa kwenye 2,700. Desemba hii ya 2024 inaelekea 2,400, na Wakongo wenyewe wananung'unika kwamba dola zao hazibebi dagaa kama zamani. Imeshuka! Na hata ingekuwa imepanda, nguo zangu zilikuwa Mwanga tangu Septemba, ndani ya mfuko wenye jina langu. Dola ya Desemba inaingiaje kwenye gauni lililokwisha kufika?

Alipoona dola haipiti akaleta habari ya jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba. Watu walikufa chini ya kifusi pale, kuna nyumba zinalia mpaka leo, na yeye anawafanya sababu ya kuongeza 9,000 kwenye viatu vya mtoto. Hapo nilipiga kelele. Mpaka waliokuwa nje walinisikia, na sijutii.

Sasa tazameni biashara yenyewe inavyokwenda. Ana daftari lake kubwa, nimeliona, majina yamejaa kurasa na kurasa. Tuseme tuko 40 tu, kila mmoja 80,000. Hiyo ni 3,200,000, ameikusanya kutoka kwetu Septemba hadi Desemba bila riba hata senti. Kwenye kikoba chetu mtu akikopa 100,000 anarudisha 110,000 mwezi ukiisha. Yeye amekopa kwa waanika dagaa, wauza mawese na wapika mihogo, akazungusha mzigo wake, mifuko yetu akawauzia waliokuja na hela taslimu wiki hii ya sikukuu, kisha anatudai sisi tuliomkopesha! Tungekuwa benki angetulipa riba. Kwa kuwa ni kina mama wa mwaloni anatuonyesha bango.

Na si Krismasi peke yake. Jana nimeongea na mama mmoja wa Ujiji tunayeuza naye, Mwislamu, akaniambia duka hilohilo lilimfanyia hivyohivyo kabla ya Idi mwezi wa nne. Alidunduliza kanzu za wanawe wawili, siku mbili kabla ya sikukuu bei ikapanda. Akakopa akaongeza, akanyamaza kwa aibu. Huyu mtu anajua siku ya kupandisha. Anapandisha siku ambayo mama hana pa kukimbilia, kwa sababu mtoto ameshaambiwa.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, huyu mpya tuliyemchagua tarehe 27 Novemba. Alinisikiliza vizuri, akatuma kijana amwite mwenye duka. Hakuja, ati yuko bize na wateja. Kituoni nikaambiwa haya ni madai, siyo jinai. Kuna kijana wa kanisani kwetu anasoma sheria, ameniambia makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na dai kama langu linafunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Nitalifungua. Nina kidaftari chenye sahihi zake 16 na nina mama wa Ujiji aliyekubali kusimama nami. Risiti sina. Kila siku tunahimizwa tudai risiti, pale ukidai unaambiwa utapewa ukimaliza. Nimemaliza, sijapewa.

Wenye maduka mnaopokea kudunduliza, nawaambia waziwazi. Andikeni bei ya kila kitu ukurasa wa kwanza na msaini. Mfuko wa mtu msiuguse. Kama hamwezi kushika bei mpaka Desemba, semeni Septemba, tutakwenda kwingine. Mtu akitaka hela yake kabla hajachukua nguo, mpeni, ni yake. Na kina mama wenzangu, kama mna kidaftari cha duka lolote, kifungueni usiku huu. Kama hakina bei, kesho nendeni mkaandikiwe mkiwa na shahidi, msiende peke yenu kama nilivyokwenda mimi. Mliodunduliza duka lile la Mwanga niandikieni hapa, tukiwa kumi mbele ya hakimu hatatuambia habari ya bango.

Kwa sasa nina 14,000, ilikuwa ya mchele na nyama. Kesho alfajiri nakwenda sokoni kuwahi robota la nguo za watoto. Fundi nimemfikiria, kitenge ninacho kimoja cha Kongo, lakini mafundi wote niliowauliza wamesema hawapokei tena kazi ya sikukuu. Binti nimemwambia ukweli leo jioni. Akasema, "Sawa, mama," akaendelea kuosha vyombo. Nisingependa kuisikia tena sauti ile.

Mdogo sijamwambia. Kama kuna mtu hapa Kigoma, iwe Gungu, Katubuka au Ujiji, anajua viatu vya taa namba 26 vinapouzwa, hata kama vimeshavaliwa, alimradi taa zinawaka, aniandikie. Niko macho.