Mrejesho: Kuta zinazotenganisha majirani

Asanteni nyote mlionijibu. Niliuliza mimi, mwandishi wa safari niliyeko Mombasa, nianzie wapi kutafiti kuta na nyua zinazogawa jamii. Wengi mlinitajia Berlin. Lililonifaa zaidi ni neno la mama mmoja wa Kisauni: usitazame ukuta kwanza, tazama mlango, na nani anaufunga.

Nimeisoma upya Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, kwa jicho hilo. Kuta za huko zilianza 1969 kama kinga ya muda tu kati ya mitaa ya Wakatoliki na ya Waprotestanti. Mwaka 2013 serikali ya Ireland Kaskazini iliahidi kuziondoa zote kufikia 2023. Nyingi bado zimesimama, baadhi ya malango hufungwa usiku, na wapo wakazi wanaotaka zibaki kwa kuhofia usalama wao. Hilo limenihuzunisha kuliko saruji yenyewe. Nicosia nako, mji mkuu wa Kupro (Cyprus) uliogawanyika kati ya Wagiriki na Waturuki, walifungua njia ya kuvukia upande wa pili kwenye Mtaa wa Ledra 2008, lakini mji ungali nusu mbili.

Kisha nikafuatana na mvuvi mmoja hapa Nyali. Kijia alichopitia tangu utotoni sasa kimebanwa na kuta mbili ndefu, na mwisho wake pana geti lenye askari. Siku hiyo tulizungushwa mbali, naye kabeba nyavu begani. Hakuna vita hapa, ila nimeona vibaya sana.

Sura ya kwanza itakuwa hiyo. Anayejua vijia vilivyozibwa Bamburi au Shanzu, tafadhali anielekeze.