Kivinjari kipya kimekuja na viendelezi ambavyo sikuviomba, tena vimepewa ruhusa ya kusoma kila kitu

Ndugu wasomaji, naandika nikiwa na hasira, na chanzo chake ni kivinjari kipya ambacho watu wengi hapa Kampala wanashauriana kukisakinisha kwa sababu kinasifiwa kuwa chepesi na kutokula bando. Nilikiweka kwenye kompyuta ninayofanyia kazi za ofisi, na kabla sijafungua ukurasa wowote nikakuta viendelezi kadhaa, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari kazi, vimekwisha kuwashwa: cha habari, cha kulinganisha bei za maduka ya mtandaoni, na cha VPN ya bure, yaani huduma inayopitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine (seva) ili ufungue hata tovuti zilizofungwa. Hakuna aliyeniuliza kama ninavihitaji.

Hicho cha bei kinalinganisha maduka ya Marekani na Ulaya, na sijui kitamfaa nini mtu anayenunua mahitaji yake kwenye masoko ya Owino au Kikuubo. Hilo ningelivumilia. Lisilovumilika ni ruhusa, kwa maana nilipofungua orodha yake niliona kila kimoja kimeruhusiwa kusoma na kubadilisha data zangu zote kwenye tovuti zote ninazozitembelea. Ruhusa hiyo inakiwezesha kiendelezi kuona barua pepe ninayoiandika, salio langu kwenye ukurasa wa benki, na nambari ya mlipakodi ninapojaza ritani. Hata nenosiri, ambalo mimi naliona kama nukta tupu, chenyewe kinaweza kulisoma herufi kwa herufi. Wala alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani ya tovuti haisaidii hapo, kwa kuwa inalinda data zikiwa njiani, ilhali kiendelezi kimekaa ndani ya kivinjari chenyewe.

Kuhusu VPN, ndipo ninapokasirika zaidi. Tangu Facebook ifungwe nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Waganda wengi wamelazimika kutumia VPN, na watengenezaji wanajua fika kwamba tukiona imeandikwa kuwa ni ya bure hatutauliza mawasiliano yetu yanapitia seva ya nani.

Najua wapo watakaoniambia nivizime tu. Nilivizima, lakini kivinjari kilipojisasisha, kile cha bei na kile cha VPN vikajiwasha tena bila taarifa yoyote, na kile cha habari kikaendelea kupakua picha na video kila nilipofungua kichupo kipya. Bando hilo nalinunua kwa fedha yangu, na tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12.

Wala hofu yangu si ya kubuni. The Great Suspender, kiendelezi kilichopendwa sana kwa kupunguza mzigo wa kompyuta, kiliuzwa kwa mmiliki mwingine mwaka 2020, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwenye duka lake la viendelezi na kukizima kwenye kompyuta za watu kwa sababu kilikuwa na programu hasidi. Ruhusa ambayo watumiaji walimpa mwenye kiendelezi wa kwanza ilihamia kwa wa pili bila wao kuulizwa. Ikiwa hayo yaliwapata watu waliochagua wenyewe, sisi tuliobebeshwa tutajikinga vipi?

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na msingi wake ni ridhaa ya mwenye data. Ridhaa haipatikani kwa kumkabidhi mtu kitu ambacho tayari kimewashwa. Kwa hiyo nawataka wenye kivinjari hiki walete viendelezi vyao vikiwa vimezimwa, kila kimoja kiombe ruhusa kwa tovuti moja moja, na mtumiaji akikizima kibaki kimezimwa hata baada ya sasisho.

Mimi nimekiondoa na kubadilisha manenosiri yangu yote. Ila kivinjari hiki kimesakinishwa pia kwenye mikahawa ya intaneti, ambako wanafunzi na wafanyabiashara hufungua akaunti zao kwenye kompyuta wasizoweza kuzikagua, na wenye mikahawa hiyo nawaomba wafungue leo orodha ya viendelezi na kusoma kila kimoja kimeruhusiwa kufanya nini.